Jiji Lisilojua Vifo Vyake: Takwimu za Afya Tanzania

Sensa ya 1948 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 69,227. Miaka tisa baadaye walikuwa 128,742, na sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, ikahesabu zaidi ya 272,000. Mkoa mzima ulipohesabiwa mwaka 2022 ulikuwa na watu milioni 5.38. Mwaka 1967 mijini waliishi watu kama sita tu katika kila Watanzania mia. Mwaka 2022 walikaribia 35.

Ongezeko hilo linajulikana vizuri kwa sababu watu walio hai huhesabiwa. Vifo ni habari nyingine. Sheria ya kikoloni ya kuandikisha vizazi na vifo iliwalazimu Wazungu na Waasia; Mwafrika hakulazimika, na kwa kweli hakutarajiwa. Uhuru ulirithi ofisi zenye vitabu vya watu wachache, na kuieneza sheria wilaya kwa wilaya kulichukua miongo. Kwa hiyo mipango ya afya ilitegemea takwimu za hospitali, ambazo zinawataja waliofika hospitalini tu. Aliyefia nyumbani Temeke au aliyepelekwa kijijini kwao akiwa mahututi hakuingia popote.

Wataalamu walitafuta njia ya kuzunguka pengo hilo. Kuanzia sensa ya 1967, sehemu ya wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi bado wako hai. Kutokana na majibu hayo, kwa hesabu iliyobuniwa na mtaalamu wa takwimu za watu, William Brass, viliweza kukadiriwa vifo vya watoto bila daftari lolote la vifo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa kama 137 katika kila 1,000 kwa sensa ya 1978, na 115 kwa ile ya 1988. Njia hiyo ilikuwa na mipaka miwili mizito: haikusema mtoto aliuawa na nini, na ilisema machache mno kuhusu watu wazima.

Swali la watu wazima lilikuja kwa ukali wakati wa UKIMWI. Mwaka 1992 Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walianza mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP, katika mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Kaya zote za maeneo hayo zilihesabiwa tena na tena. Kifo kilipotokea, mwenyeji aliyeteuliwa alitoa taarifa. Baada ya muda wa msiba, mhudumu wa afya alikwenda kuwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu kabla ya kufa: homa, kikohozi, kukonda, kupooza upande mmoja. Madaktari walisoma maelezo hayo, kila mmoja peke yake, na kuamua sababu. Kazi hiyo ilidai heshima kubwa, maana swali la kitaalamu liliulizwa nyumbani kwa mtu aliyetoka kuzika, na bila uvumilivu wa wafiwa hao kusingekuwa na takwimu hata moja.

Majibu yaliwashtua wengi. UKIMWI na kifua kikuu vilikuwa mbele miongoni mwa watu wazima, kama ilivyohofiwa. Lakini kiharusi nacho kiliua kwa kiwango kilichozidi kile cha Uingereza na Wales, umri ukilinganishwa, katika nchi iliyodhaniwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza pekee.

Mradi mwingine, TEHIP, uliosaidiwa na Kanada, ulipeleka takwimu za aina hii mezani kwa waganga wakuu wa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Hapo ndipo faida ya kuhesabu vifo ilipoonekana wazi kuliko popote. Katikati ya miaka ya 1990 malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali bajeti iliitengea kama asilimia 5. Wilaya zilihamisha fedha kuelekea vyandarua na matibabu ya watoto, na katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo. Kilichobadilika zaidi ni mahali ilipoelekezwa.

Miradi hiyo, hata hivyo, ilihesabu maeneo ya mfano. Uandikishaji wa kila raia ulibaki nyuma: utafiti wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wameandikishwa. Tangu 2013, kwa kuanzia Mbeya, RITA, wakala wa serikali wa usajili, imekuwa ikiandikisha watoto hao kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikitolewa bure na taarifa zikitumwa kwa simu. Vifo havina msukumo kama huo. Mzazi hudaiwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto shuleni, lakini cha kifo hutafutwa hasa panapokuwa na mirathi, mafao au akaunti ya benki.