Vuli ya Oxford: Habari za Mkate na Joho

Vuli ya pwani ya Afrika Mashariki ni mvua. Huanguka kati ya Oktoba na Desemba, na mkulima aliyekwisha kusafisha shamba lake huipokea kwa jembe mkononi. Waingereza nao wana majira yao katika miezi hiyo hiyo, na wafasiri, kwa kukosa neno lililo karibu zaidi, wameyaita vuli vile vile. Lakini vuli ya huko ni ya majani kugeuka rangi ya dhahabu na ya damu, kisha kupukutika; na mchana wake hupungua siku kwa siku, hata kufika mwanzo wa Desemba nuru haizidi saa nane. Katika mji wa Oxford, mahali mto Cherwell unapoingia katika Thames, majira hayo yana maana nyingine tena: ni wakati wageni warudipo.

Wengi walioandika juu ya mji huu wamesifu minara yake, kengele zake, na mitambazi yenye majani mekundu juu ya kuta za mawe. Sifa hizo si za uongo. Ila msomaji akizisoma peke yake aweza kudhani kwamba mji mzima ulivaa joho, na kwamba mkate wa mezani ulijioka wenyewe. Kwa karne nane mji huo ulikuwa na watu wa namna mbili, mgeni mwenye haki nyingi na mwenyeji mwenye nyumba na tanuri, na vuli ndiyo iliyowakutanisha kila mwaka kwa hesabu.

Hesabu hiyo ilikuwa na siku yake. Tarehe 29 Septemba ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, na katika Uingereza ya zamani ilikuwa mojawapo ya siku nne za mwaka za kulipa kodi. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, deni laweza kudaiwa. Muhula wa kwanza wa Chuo Kikuu umechukua jina lake katika sikukuu hiyo hiyo, wala hauna jina jingine hata leo.

Masomo yalikuwako Oxford tangu yapata mwaka 1096, yakazidi baada ya 1167, Mfalme Henry wa Pili alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa mjini, na mwanafunzi aliyeshukiwa akatoroka. Wenyeji wakawakamata wenzake waliokaa naye nyumba moja, wakawanyonga kwa idhini ya Mfalme John. Jina la mwanamke yule halikuhifadhiwa. Wanazuoni wakatawanyika, baadhi yao wakaenda Cambridge, na huo ndio mwanzo wa chuo kikuu cha huko. Nao wenyeji wa Oxford wakaonja ladha ya vuli isiyo na wageni, vyumba vitupu na mikate isiyo na mnunuzi.

Amani ilipofanywa, mwaka 1214, ilifanywa na mjumbe wa Papa, na masharti yake yalikuwa ya nyumba na chakula. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ya mwaka ule, kwa miaka kumi, wanafunzi wangelipa nusu tu ya kodi ya nyumba walizopangishwa, na miaka kumi mingine kodi isingezidi kiasi kilichokuwa kimekadiriwa kabla ya ugomvi. Vyakula viuzwe kwa bei ya haki. Mji utoe shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, na tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, walishwe maskini 100 kati yao: mkate, pombe, supu, na kitoweo kimoja cha samaki au cha nyama. Yapaswa kukubaliwa kwamba mwanafunzi maskini wa zama zile alikuwa maskini kweli kweli. Walakini waliolipia kitoweo chake si matajiri wa ufalme, bali waoka mikate na wenye nyumba wa mji mmoja mdogo.

Mzigo ukazidi baada ya Februari 1355. Ugomvi juu ya divai mbaya katika kilabu kimoja ulizaa mapigano ya siku tatu, wakafa wanazuoni wapatao 63 na wenyeji wapatao 30. Mfalme akaupa Chuo Kikuu mamlaka juu ya uzito na bei ya mkate na pombe, na juu ya mizani na vipimo vya soko. Mkuu wa mji na raia wenzake wakaamriwa waende kanisani kila mwaka kuwaombea wafu na kutoa peni moja moja. Desturi hiyo ya fedheha ilidumu hata mwaka 1825. Kwa hiyo, vuli ilipofika na wanunuzi wakarudi, mwoka mikate wa Oxford alipima unga wake kwa mizani ya mnunuzi.

Katika karne ya kumi na tisa waliokuwa wakiingoja vuli kwa hamu kuliko wote ni watumishi wa vyuo: wapandishao makaa na maji ya moto kwenye ngazi, waoshao vyombo, watandikao vitanda. Likizo ndefu ya kiangazi iliwaacha wengi wao bila ujira wa kutosha, na baadhi yao walikwenda kutafuta kazi katika hoteli za pwani. Tangu 1868 wako pia wanafunzi walioruhusiwa kuishi nje ya vyuo, katika nyumba zenye idhini. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, alipokea kodi; pamoja na kodi alipokea kazi ya kufunga mlango usiku na kutoa habari za aliyechelewa.

Ilikuwa desturi pia kwamba usiku wa tarehe 5 Novemba, Waingereza wawashapo mioto mikubwa kwa ukumbusho wa njama ya mwaka 1605, vijana wa joho na vijana wa mji hupigana ngumi barabarani. Wengi waliuhesabu mchezo. Mwezi ule ule, mwaka 1867, haukuwa mchezo. Mkate ulikuwa umepanda bei, na watu walinung'unika kwamba wa Oxford ulikuwa ghali kuliko wa vijiji vya jirani. Umati ukaliendea duka la mwoka mikate mmoja aliyekuwa pia miongoni mwa wakuu wa mji, mawe yakarushwa, na askari wakaletwa kutoka Windsor. Waliohesabiwa wenye haki katika soko lile kwa karne tano hawakuwa na la kusema. Bei ilishuka baada ya mawe.

Joho lenyewe nalo lilikuwa na mipaka yake. Oktoba 1879 vilifunguliwa vyumba vya kwanza vya wanawake, Lady Margaret Hall ikiwa na wanafunzi tisa na Somerville kumi na wawili. Walisoma, wakafanya mitihani, wakafaulu, wala hawakupewa shahada hata vuli ya 1920, walipoandikishwa tarehe 7 Oktoba na wa kwanza wao kuvikwa shahada juma moja baadaye.

Vuli za Oxford zilifika hata Afrika Mashariki. Tangu 1926 vijana walioteuliwa kuwa maofisa katika makoloni ya Afrika walipelekwa Oxford na Cambridge kwa mafunzo, na miongoni mwa masomo yao mlikuwamo Kiswahili. Hivyo lugha ya Tanganyika ilifundishwa jioni za ukungu kwa watu waliokuwa wakijiandaa kuitumia katika kutoza kodi.

Februari 1955, miaka 600 baada ya vita vya divai, Chuo Kikuu kilimpa mkuu wa mji shahada ya heshima, na mji ukampa makamu wa mkuu wa Chuo Kikuu uraia wa heshima. Lakini wajumbe wa Chuo Kikuu waliendelea kukaa katika baraza la mji hata 1974. Mwaka huo wa mapatano alifika Oxford Tom Mboya wa Kenya, naye hakuja kwa mlango wa vyuo vya kale. Alikuja Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1899, ambacho hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Miezi michache kabla yake alikuwa Mombasa, akisuluhisha mgomo wa makuli wa bandarini waliodai nyongeza ya mishahara. Kwao ilikuwa hali ya hatari. Katika mwaka wa masomo ulioanza vuli ile aliandika kijitabu juu ya swali la Kenya na jawabu la Mwafrika, kikachapishwa 1956.