Kujifunzia nje ya darasa
Ni ufundishaji wa watoto wa shule ya msingi bustanini, shambani, mtoni au msituni. Nchini Tanzania ulipata nguvu kwa sera ya Elimu ya Kujitegemea (Machi 1967), ingawa mara nyingi shamba la shule liligeuka kazi tupu isiyo na somo, nayo ni hasara kubwa. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianzisha mpango wa vijana wa mazingira uitwao Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na wanafunzi.

Kwa mfano, huko Kimandolu, jijini Arusha, Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500 ndio maabara. Mtoto anayefukua udongo wa volkano chini ya mgomba akakuta nyungunyungu, kisha akapima mche wa maharage kwa rula kila wiki, hupata sayansi na hisabati kwa pamoja. Mwanga wa nje pia hupunguza hatari ya kutoona mbali.