UKAME, BEI YA NAFAKA, NA FAIDA YA KUUNGANA

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa kuwakumbusha wanachama jambo lililo la kale kuliko vyama vyote: ya kwamba hali ya hewa ikigeuka, haiharibu shamba peke yake, bali huharibu na soko.

Mkulima wa nafaka hupatwa na hasara mara tatu. Mvua ikikatika mapema, mbegu hufia ardhini, naye hana budi kupanda tena. Jua likiwaka wakati mahindi yanapotoa mbelewele, magunzi hubaki na punje chache. Kisha bei hupanda, na yeye aliyelima huenda sokoni akiwa mnunuzi.

Habari hii ya bei ilipigiwa hesabu zamani. Katika mwaka 1699 Charles Davenant wa Uingereza alichapisha makadirio ambayo kwa desturi huitwa kanuni ya Gregory King. Mavuno yakipungua sehemu 1 katika 10, bei huongezeka sehemu 3 katika 10. Yakipungua sehemu 2, bei huongezeka sehemu 8. Na yakipungua nusu, bei hufika mara tano na nusu ya ile ya kawaida. Si kila soko hufuata hesabu hiyo, lakini maana yake ni wazi: mavuno hupungua, matumbo hayapungui.

Wajerumani waliyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulienea Ulaya. Kiangazi cha 1846 kikawa cha joto na ukame, na mavuno ya rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano na iliyokuwa mkate wa maskini, yakawa duni. Bei zikapaa, hata mwezi wa Aprili 1847 watu wa Berlin wakafanya ghasia masokoni.

Wakati huo huko Weyerbusch, katika vilima vya Westerwald, alikuwako meya kijana, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa 1818. Serikali ilileta unga, lakini kwa sharti uuzwe kwa fedha taslimu, nao wenye njaa hawakuwa na fedha. Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo wakachanga, unga ukatolewa kwa mkopo, na tanuri ya kuokea mikate ikajengwa. Mkate ukauzwa kwa karibu nusu ya bei ya soko. Mbegu nazo zilinunuliwa kwa pamoja, ili njaa ya mwaka huu isile mavuno ya mwaka ujao.

Hata hivyo, hicho hakikuwa bado chama cha ushirika, kwani kilisimama juu ya hisani ya matajiri. Miaka ilipopita Raiffeisen alitambua kwamba hisani huchoka. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe walikuwa wanachama, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenzake.

Nasi Tanzania tumeonja. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua nafaka nyingi kutoka nje, na mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikaleta mafuriko mashambani.

Hatuwezi kuiamuru mvua. Tuwezalo ni kutouza gunia la mwisho katika juma la mavuno, wakati bei iko chini. Kuweka mbegu ya kupandia mara ya pili. Na kutia ghalani nafaka kavu. Lakini ghala hujengwa kwa uaminifu kabla ya matofali. Mwanachama asiyeleta gunia lake, na kiongozi asiyeandika kila gunia daftarini, wote wawili huualika mwaka wa njaa.

Haba na haba hujaza kibaba. Na tujaze kibaba hicho mvua ingali nzuri.