Kitonga, kichefuchefu na umeme wa kifundo cha mkono

Basi likishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, mazungumzo hupungua. Ni kona juu ya kona, malori yanajikokota mbele, na moyo unaanza kuchafuka. Mmoja ananusa ndimu, mwingine anatafuna tangawizi, wa tatu anamwomba konda mfuko. Miaka mingi mfuko huo ulikuwa rambo, mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Historia ya barabara hii huandikwa kwa tani. Mwaka 1965 Rhodesia ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, Zambia ikahitaji njia mpya ya mafuta na shaba isiyopita huko, na vumbi na matope ya kwenda Mbeya na Tunduma yakageuzwa lami ya TANZAM, barabara ya Tanzania na Zambia. Mama aliyeshuka Mbeya akiwa hoi kwa kutapika hayumo katika hesabu hizo, naye anastahili kuwemo.

Hadithi ya umeme wa kifundo cha mkono nayo inaanzia mwaka huohuo wa 1965, wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha nadharia kwamba uti wa mgongo una kama lango linaloweza kuzuia maumivu yasifike kwenye ubongo. Wazo la kutuliza maumivu kwa umeme lilikuwa la kale: katika karne ya kwanza, tabibu Mroma Scribonius Largus aliwawekea wagonjwa wa kichwa samaki hai mwenye umeme. Lakini nadharia ya Melzack na Wall ndiyo iliyofungua njia ya vifaa vidogo vya kusisimua neva kupitia ngozi.

Kutoka maumivu hadi kichefuchefu, daraja lilikuwa China. Tiba yake ya sindano ina nukta iitwayo Neiguan, upana wa vidole vitatu kutoka kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, upande wa kiganja, kati ya kano mbili. Mwaka 1986 John Dundee na wenzake wa Belfast walieleza kwamba wanawake waliochomwa sindano hapo kabla ya upasuaji walitapika kidogo kuliko wasiochomwa. Baadaye zikaja bangili za umeme.

Kwa wagonjwa wa upasuaji, ushahidi wa nukta hiyo ni mzuri. Kwa wasafiri unayumba: jaribio dogo la bangili hiyo mwaka 1995 liliwapa matumaini wanaochafukwa moyo baharini, lakini watafiti Miller na Muth, mwaka 2004, hawakuona bangili ikizuia kichefuchefu cha mwendo. Mimi nisingemshauri mtu ainunue kwa ajili ya Kitonga.

Chanzo cha kigegezi hiki ni sikio la ndani kusema tunakwenda huku macho yakiona kiti kimetulia. Ndiyo maana mwaka 2015 Qadeer Arshad na wenzake wa Imperial College London walipitisha umeme hafifu kichwani, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea habari za sikio hilo, na watu waliozungushwa kitini wakachelewa kuchafukwa. Kifaa cha umeme huo hakijafika stendi zetu. Kilichopo ni kiti cha mbele, macho yaliyoelekezwa mbali barabarani, na kidonge cha promethazine kwa ushauri wa mfamasia. Humezwa kabla ya kupanda basi. Ukisubiri Ruaha Mbuyuni umechelewa. Na kwa kuwa kinaleta usingizi, dereva asikiguse.