Karatasi za Richardson na Moshi wa Kariakoo

Juzi nilikuwa nakunywa chai Kariakoo, chini ya ghorofa refu, kwa mama mmoja mwenye meza yake kando ya barabara. Upepo wa kusi ulikuwa mgongoni mwetu, unakatiza juu ya paa. Kwa akili ya kawaida, moshi wa bajaji na malori ungekwenda kwa wale wa ng'ambo. Wapi! Ulikuwa unatujia sisi usoni. Nikamwuliza mama, akacheka: "Mwanangu, siku zote ndivyo. Wenzangu kule wanapata upepo, mimi napata moshi. Kabla ya haya maghorofa haikuwa hivi."

Yuko sahihi kabisa. Upepo ukipita juu ya mtaa uliobanwa na majengo marefu, sehemu yake huteremka kwenye ukuta wa jengo la ng'ambo, ukifika chini hugeuka, huzoa moshi wa magari na kuurudisha miguuni mwa jengo la upande unakotoka upepo. Ni kama kisulisuli kilicholazwa ubavu. Siku hizi kompyuta huiga mambo haya: hewa ya mtaa mzima hukatwa vijisanduku, hata mamilioni, na kwa kila kimoja hupigwa hesabu ya kasi, shinikizo na moshi, kwa kutazama majirani zake, tena na tena.

Sasa hebu tumtazame mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuikata hewa vipande namna hiyo. Ni Mwingereza, Lewis Fry Richardson, muumini wa Quaker, watu wasioshika silaha. Mwaka 1916 aliacha kazi kwenye idara ya hali ya hewa akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa vitani. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotuachia jina Kariakoo: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, jina lililolainishwa na ndimi zetu.

Huko, akikaa juu ya lundo la nyasi kavu, Richardson alipiga kwa mkono hesabu za kutabiri hali ya hewa ya siku moja iliyokwisha kupita, 20 Mei 1910. Mwaka 1917, katika mapigano ya Champagne, mswada wake ulipotea, ukaja kuokotwa miezi kadhaa baadaye Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Na jibu? Kanieleza kicheko, maana alikosea vibaya: shinikizo la hewa libadilike kwa milibari 145 ndani ya saa 6, wakati siku yenyewe halikutikisika sana. Hakulificha kosa. Alilichapisha kwenye kitabu chake cha 1922, akaota humo ukumbi wa wapiga hesabu 64,000, kila mmoja na kipande chake cha dunia, na msimamizi katikati akiwamulika kwa taa waliotangulia na waliochelewa. Yaani kompyuta, ila ya watu.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni hiki. Mwaka 1920 idara yake iliwekwa chini ya wizara ya jeshi la anga, naye akajiuzulu. Aliendelea kuchunguza jinsi chembe zinavyotawanyika hewani, hadi akagundua kwamba wenye hamu kubwa na utafiti wake walikuwa wataalamu wa gesi ya sumu. Mkewe, Dorothy, alisimulia kwamba mumewe aliacha utafiti huo na kuharibu yale yaliyokuwa hayajachapishwa.

Je, ilisaidia? Elimu haikumngoja. Porton Down, kituo cha kijeshi cha Uingereza, kilichunguza kwa miaka jinsi gesi inavyosambaa. Mmoja wa waliofanya kazi huko, Frank Pasquill, ndiye aliyetoa mwaka 1961 utaratibu wa kukadiria moshi wa mabomba ya viwanda unakwenda wapi. Elimu ya kuua ikageuka elimu ya kuokoa. Na ilihitajika: Desemba 1952 moshi wa makaa ulituama juu ya London kwa siku tano, na makadirio ya wakati ule yalitaja vifo 4,000. Richardson alikuwa bado hai. Alifariki mwaka uliofuata.

Zamani nilidhani alipoteza bure. Siku hizi naona tofauti. Hesabu ya upepo haina huruma wala ukatili. Anayeuliza swali ndiye anaye. Richardson alitaka kujua nani anauliza, na kwa ajili ya nani. Nasi leo tuna kompyuta ambazo ukumbi wake wote usingezifikia. Zinaweza kuonyesha moshi utakapotua kabla hata msingi haujachimbwa. Swali ni kama kuna anayeziuliza habari za mtu atakayekaa pale chini.

Nilipomaliza chai, lori lilikuwa linanguruma mbele yetu. Mama hakusema kitu. Alivuta nailoni, akafunika vitumbua vyake.