Basi la shule likianza kusumbua: jinsi ya kutambua hitilafu, nini dereva atengeneze na lini basi lisitoke

Msikilizaji, kila shule zinapofunguliwa simu ya studio hujaa ujumbe unaofanana. Mzazi wa Isyesye anauliza kwa nini basi linachelewa kuwaka asubuhi. Dereva wa Igawilo anauliza kwa nini injini inachemka akipanda. Mwingine anauliza swali zito zaidi: breki zikishika mara ya pili, je, ni salama? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa pamoja, ili uyahifadhi kwenye simu na kuyasoma tena unapoyahitaji.

Nami nina sababu yangu. Asubuhi moja ya mwezi wa 6, ukungu ukiwa bado chini, nilimpandisha mwanangu kwenye basi la shule. Nikamwona dereva anakanyaga breki mara mbili, tatu, ndipo gari likasimama vizuri. Nilipouliza, nikajibiwa, "Ndivyo lilivyo, tumelizoea." Siku hiyohiyo lilipelekwa kwa fundi. Silinda ndogo ya breki kwenye tairi la nyuma ilikuwa inavuja, na mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana. Lilikuwa limevuja kwa siku kadhaa huku watoto wakipanda na kushuka.

Kwa nini huku kwetu ni tofauti

Uyole ni njia panda. Barabara kuu ya TANZAM inapita hapa kutoka Iringa na Makambako kwenda Mbeya mjini na Tunduma, na nyingine inaelekea Tukuyu na Kyela. Malori yenye mizigo mizito ni mengi, miteremko ni mirefu na ukungu ni wa kawaida. Juni na Julai baridi inabana betri na dizeli. Masika huleta matope, kiangazi huleta vumbi linaloziba chujio la hewa na rejeta.

Mabasi mengi ya shule ni Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa, Nissan Civilian na Hiace zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi. Gari la zamani si tatizo likitunzwa. Tatizo ni hitilafu ndogo inayozoeleka.

Taifa halijasahau tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Ajali huwa na sababu zake na hatuzipimi hapa. Tunakumbuka tu kwamba kwenye mteremko, basi lililojaa watoto halina nafasi ya pili.

Breki: anza hapa kila siku

Mabasi haya madogo kwa kawaida hutumia breki za mafuta zinazosaidiwa na busta. Mguu wa dereva utakuambia mengi:

- *Pedali ni laini kama sponji.* Kuna upepo ndani ya mabomba. Fundi atautoa upepo, lakini kwanza atafute ulipoingilia.
- *Pedali inashika, kisha inazama polepole ukiikandamiza.* Mafuta yanavuja nje, au raba za ndani za mastasilinda zimekwisha.
- *Pedali ni ngumu kama jiwe na gari halisimami upesi.* Busta haifanyi kazi, au bomba lake la upepo limepasuka.
- *Gari linavuta upande mmoja ukifunga breki.* Tairi moja linashika kuliko jingine. Huenda kuna mafuta kwenye brekishu, au silinda ya upande mmoja imekwama.
- *Sauti ya chuma kusaga chuma.* Pedi au brekishu zimekwisha kabisa.

Busta unaweza kuipima mwenyewe. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikandamiza, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, mwite fundi.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyochemka kwa urahisi. Ukishuka mlima mrefu huku umekanyaga breki muda wote, magurudumu hupata moto, mafuta huchemka na kuwa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila kushika. Kwa hiyo badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi, na shuka kwa gia ndogo ili injini ikusaidie kulizuia gari. Usishuke kwa "free" kwa ajili ya kubana dizeli. Senti unazookoa hazilipi hata tairi moja.

Onyo: usiongeze oili ya injini wala ya usukani kwenye kopo la mafuta ya breki. Raba zote huvimba na mfumo mzima huharibika.

Injini kuchemka

Sindano ya joto ikipanda, simama mahali salama, washusha watoto mbali na barabara na zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yaliyo ndani yako kwenye mgandamizo na yataruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika bomba la juu kwa mkono.

Kisha kagua kwa mpangilio huu: maji yamepungua? Bomba limepasuka? Mkanda wa feni umelegea au umekatika? Nyuma ya rejeta kumejaa vumbi na majani? Mfuniko wa rejeta bado unabana? Kwa miinuko yetu mfuniko ni muhimu sana, kwa sababu huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mfuniko mzima huongeza mgandamizo na kuyachelewesha kuchemka.

Kama maji hupungua kila siku bila kuonekana yanapovuja, au oili imekuwa kama maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Basi hilo lisitoke tena mpaka litengenezwe.

Baadhi ya mafundi hutoa themostati wakidhani wanaponya gari. Kwa baridi ya Mbeya, injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hula dizeli zaidi na huchakaa haraka. Ikiharibika, weka mpya.

Haliwaki asubuhi

Sikiliza kwanza kabla ya kufungua spana.

*Stata inalia "tik, tik" au inazunguka kwa uvivu:* tatizo ni umeme. Angalia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kaza tena. Kagua pia waya wa athi unaotoka kwenye betri kwenda bodi na injini. Umelegea mara nyingi kuliko betri ilivyokufa.

*Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki:* tatizo ni mafuta au hita plagi. Chujio la dizeli likiwa na maji, yatoe kupitia kizibo cha chini. Kama tangi liliishiwa, mfumo umeingiza upepo: tumia pampu ya mkono juu ya chujio mpaka iwe ngumu.

Mwenye kipimo cha umeme asome hivi kwa betri ya volti 12: ikipumzika iwe kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.0, imeisha chaji. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, altaneta haichaji au mkanda unateleza.

Angalizo kwa Coaster na Rosa: nyingi za dizeli hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa. Zidisha namba hizo mara mbili. Usichukue umeme wa redio kwenye betri moja pekee. Hiyo itaisha, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Wala usiliunganishe na gari la volti 12 kuliwasha.

Taa na fyuzi

Indiketa ikiwaka haraka kuliko kawaida, globu moja imeungua. Taa moja ikiwa hafifu na nyingine kali, tafuta athi mbovu. Fyuzi ikiungua, weka ya namba ileile. Ikiungua tena, kuna waya umechubuka unagusa bodi: utafute. Usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi ndiyo iliyowekwa iungue ili basi lisiungue.

Usukani na matairi

Usukani ukicheza bila tairi kugeuka, vichwa vya stelingi vimelegea. Ukitetemeka kwa mwendo, kagua mizani ya tairi, beringi na nati. Nati zikazwe kwa mkingamo, si kwa kuzunguka, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Basi lisitoke kama:

1. Pedali ya breki inahitaji kukanyagwa zaidi ya mara moja.
2. Kuna tone lolote la mafuta ndani ya tairi au chini ya gari.
3. Taa za breki au za mbele haziwaki.
4. Tairi limeonyesha waya au limepasuka ubavuni.
5. Mlango haufungi, au mlango wa dharura haufunguki kutoka ndani.

Hitilafu hizi hazitengenezwi njiani watoto wakiwa ndani. Shule iwape wazazi taarifa na itafute gari jingine.

Mzazi afanye nini?

Huna haja ya kujua ufundi. Uliza maswali matatu: breki zilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani? Kuna daftari la matengenezo? Dereva akisema gari ni bovu, nani ana mamlaka ya kulisimamisha? Jibu la swali la tatu liwe dereva mwenyewe. Dereva anayeogopa kufukuzwa kazi ataondoka na breki mbovu.

Ukiona hatari na shule haisikii, peleka taarifa kwa Polisi wa Usalama Barabarani au ofisi ya LATRA ya mkoa. Dharura piga 112. Andika namba ya gari, mahali na saa.

Na wewe dereva, dakika kumi kabla ya kuwasha gari, kabla mtoto wa kwanza hajapanda, ndizo dakika za thamani kuliko zote za siku yako. Fungua boneti, inama uangalie chini, kanyaga breki. Ikishika mara ya kwanza, nenda salama. Isiposhika, zima, rudisha funguo ofisini.