Kipuri Baada ya Kiwanda Kufa

Neno "kipuri" tumelizoea katika gereji, maghala na nyaraka za zabuni. Hata hivyo, aghalabu neno hili huficha dhana moja: kwamba kiwanda kingali hai, na kilichovunjika leo kitaagizwa kesho. Historia ya kompyuta za nyumbani yatuonyesha jinsi dhana hiyo inavyoporomoka.

Mwezi Aprili 1982, kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilitoa kompyuta ya ZX Spectrum. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na yenye kilobaiti 48 kwa pauni 175. Mwaka huohuo Commodore ya Marekani ilianza kuuza Commodore 64. Kila moja ilitegemea chipu maalumu. Spectrum ilikuwa na chipu ya Ferranti iliyosimamia picha na kibodi. Commodore 64 ilikuwa na chipu ya sauti, namba 6581, iliyotengenezwa na MOS Technology, kampuni ambayo Commodore iliinunua mwaka 1976. Mwaka 1986 Sinclair iliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad; mwaka 1994 Commodore ikafilisika. Chipu hizo nazo zikakoma.

Hata chipu za kawaida hazidumu milele. Prosesa ya Z80 iliyotumika katika Spectrum ilianza kuuzwa mwaka 1976. Mwaka 2024 Zilog ilitangaza kusitisha prosesa hiyo ya asili, na maagizo ya mwisho yakapokewa mwaka huohuo.

Lakini mashine zenyewe zingali zinatengenezwa na wapenzi wake. Kifaa cha umeme cha Commodore 64 kikichakaa huweza kupitisha volti nyingi kuliko 5 zinazotakiwa, zikaunguza chipu za kumbukumbu. Utando wa plastiki ulio chini ya vibonye vya Spectrum hukauka na kukatika. Fundi hana budi kutafuta mahali patatu. Kwanza, katika akiba ya zamani, mna chipu ambazo hazijapata kutumika. Pili, katika mashine nyingine iliyokufa, ambayo huifungua na kuitoa viungo vyake, kama gari linavyochinjwa. Tatu, kwa watengenezaji wa leo: utando mpya uliokatwa kwa kipimo kilekile, au kibao kidogo chenye chipu ya kisasa inayoiga sauti ya 6581.

Vyote vitatu huitwa kipuri, ilhali havifanani. Cha kwanza ni kipya kwa matumizi lakini kikongwe kwa umri. Cha pili ni cha asili, lakini hakuna ajuaye kimebakiza siku ngapi. Cha tatu kitadumu, lakini si kile kilichobuniwa mwaka 1982. Sauti yake ni ya kuigiza. Asiyetenganisha hayo huweza kuuziwa cha tatu kwa bei ya cha kwanza, na mhifadhi huweza kuandika kwamba mashine ni ya asili, kumbe nusu yake ni ya juzi.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: "kipuri cha akiba" kwa kilichohifadhiwa bila kutumika, "kipuri cha mtumba" kwa kilichotolewa katika mashine nyingine, kwani neno mtumba linajulikana na kila mtu, na "kipuri badala" kwa kilichoundwa upya ili kushika nafasi ya cha asili.

Suala hili si la wapenda kompyuta za zamani peke yao. Afisa anayeandika "vipuri halisi" katika mkataba wa mashine ya maabara au ya kupiga chapa, ambayo kiwanda chake kimefungwa, anaagiza kitu kisichotengenezwa tena. Yampasa aseme ni kipi kati ya vitatu atakachokipokea. Mfasiri naye, akutanapo na neno moja katika lugha ya asili, aulize kwanza: kiwanda kiko hai?